Kipande cha Pamba Kutoka Mlango wa Tanuru

Mjomba wangu alifanya kazi kwenye tanuru la chokaa upande wa Amboni, hapa Tanga, kwa miaka ishirini na mitatu. Nilipokuwa mdogo nilidhani ana mvi tangu kuzaliwa. Jioni alirudi Ngamiani juu ya baiskeli, kope nyeupe, masikio meupe, na mama alimzuia mlangoni mpaka ajikung'ute. Sote tuliuona ule weupe na tukasema ni chokaa. Nilihitaji miaka mingi, safari ya India na mashine moja ya leza kujua kwamba si wote ulikuwa chokaa.

Tanuru la chokaa hujengwa kwa matofali ya moto, lakini milangoni, kwenye mianya ya matofali na nyuma ya bamba la chuma hutandikwa blanketi la nyuzi za kauri. Mjomba na wenzake hawakuliita hivyo. Wao walisema pamba, na ukiliona likiwa jipya huwezi kuwabishia: jeupe, jepesi, linakunjika kama kanga. Limetengenezwa kwa alumina, yaani oksidi ya alumini, na silika, madini ya mchanga, karibu nusu kwa nusu, zilizoyeyushwa kisha zikapulizwa au kuzungushwa kwa kasi hadi zikawa nyuzi. Unywele wa kichwani una unene wa mikroni kama 70, na mikroni ni sehemu ya elfu moja ya milimita. Uzi mmoja wa pamba hii una mikroni mbili hadi nne. Kwa kuwa hupozwa ghafla, atomu zake hazipati nafasi ya kujipanga, kwa hiyo uzi mpya ni kioo, ingawa machoni unaonekana kama sufi ya mto. Blanketi la kawaida la aina hii huandikwa kwamba ni la joto la digrii 1,260 za Selsiasi.

Likikaa tanuruni mwaka au miwili, hadithi inabadilika. Upande uliotazama moto unakuwa mgumu na kuvunjika kama ganda la yai. Ukiushika unakuachia unga viganjani.

Likizo moja, kabla sijaenda kusoma shahada ya pili, nilimkuta mjomba barazani na kopo la maziwa ya unga miguuni pake.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Kaa hapa. Wewe si ndiye msomi wa kemia? Niambie, pamba yetu inakufa kwa moto au inakufa kwa kitu kingine?"

Nikamwambia bila kufikiri kwamba ni moto.

"Moto ni uleule," akasema. "Lakini mlango wa mashariki, unaopigwa na upepo wa bahari, pamba yake inakufa mapema kuliko ya mlango wa magharibi. Kila mwaka. Wahandisi nimewaambia, wanacheka. Chukua hii, kaitazame huko uendako."

Ndani ya kopo mlikuwa na vipande vya pamba iliyoungua. Nililifunga kwa utepe, nikaliweka katikati ya nguo, nikasafiri nalo.

Chuo nilichosoma India kilikuwa na mashine ambayo sikuwahi kuigusa nyumbani. Inaitwa spektromita ya Raman, kwa jina la mwanafizikia C. V. Raman. Mwaka 1921 Raman alikuwa melini akirudi India kutoka Uingereza, akashangazwa na ubuluu wa bahari ya Mediterania. Wataalamu wakubwa wa wakati ule walisema bahari ina rangi hiyo kwa sababu inarudisha rangi ya mbingu. Yeye hakuridhika. Alipima, akaonyesha kwamba maji yenyewe hutawanya mwanga. Akaendelea kuuchunguza mtawanyiko huo kwa miaka, na mwaka 1928 huko Kolkata, yeye na K. S. Krishnan wakakuta jambo ambalo halikutarajiwa na wengi: sehemu ndogo sana ya mwanga uliotawanywa hurudi ikiwa na rangi tofauti na ile iliyoingia. Mwaka 1930 alipewa Tuzo ya Nobeli. Mwalimu alipotusimulia habari hizi niliukumbuka ufuo wa Raskazone, kwetu Tanga, saa nne asubuhi, maji yakiwa kijani karibu na mwamba na buluu huko mbele, na nikajiona mzembe. Nimekulia mbele ya bahari ileile inayomfanya mtu aulize, na sikuwahi kuuliza.

Kazi ya mashine nitaieleza kama nilivyomweleza mjomba baadaye, maana yeye alielewa upesi. Tanga ni mji wa taarab, na kila aliyekaa karibu na mpiga udi anajua kwamba uzi mnene una sauti yake na uzi mwembamba una yake, na kwamba ukiukaza uzi, sauti inapanda. Atomu ndani ya kitu kigumu nazo zimefungwa kama nyuzi za udi, zinatikisika wakati wote. Ukizipiga kwa mwanga wa leza wa rangi moja, karibu mwanga wote unaotawanyika unarudi ulivyo. Chembe moja hivi ya mwanga kati ya milioni kumi inarudi ikiwa imeacha nguvu kidogo katika mtikisiko wa atomu, na rangi yake imehama. Kiasi kilichohama ndiyo sauti ya ule uzi. Mashine inachuja mwanga wote uliorudi bila kubadilika, inakusanya hicho kidogo kilichohama, na kuchora mstari wenye vilele. Karibu kila madini yana vilele vyake. Namba nitakazozitaja ni za mizani hiyo, mawimbi kwa kila sentimita moja. Na kwa kuwa leza inapita kwenye hadubini, unaweza kuielekeza kwenye doa la mikroni moja tu, yaani kwenye uzi mmoja wa pamba ya mjomba.

Wiki ya kwanza tulifundishwa kwa nyuzi nyeusi za kabidi ya silikoni, yaani silikoni iliyoungana na kaboni. Ni nyuzi ambazo Seishi Yajima na wenzake Japani walionyesha namna ya kuzitengeneza mwaka 1975, na leo vipo vipande vya kauri iliyoimarishwa kwa nyuzi za jamii hiyo ndani ya injini za ndege. Nilipata somo langu la kwanza hapo, nalo lilikuwa la kuunguza. Niliweka leza kwa nguvu niliyoitumia kwenye sampuli nyeupe. Uzi mweusi unakunywa mwanga. Vilele vya kaboni, kile cha karibu na 1,350 na mwenzake wa karibu na 1,600, vikaanza kuhama kushoto na kunenepa huku nikivitazama, nami nikaandika daftarini kwamba muundo wa uzi hauko sawa. Mwalimu akanisogeza pembeni, akaniambia nitazame kwa hadubini. Pale nilipokuwa napima palikuwa na kovu. Nilikuwa naupasha moto uzi kwa leza halafu natoa habari za joto nililolileta mwenyewe. Tangu siku ile naanza na nguvu ndogo kabisa, chini ya miliwati moja kwa kitu cheusi, napima mara mbili mahali pamoja, na mistari miwili isipolingana sisemi neno.

Nikaja kwenye kopo la mjomba, na kopo likanisuta kabla ya leza kuwashwa. Vipande vilikuwa vimesagana njiani. Upi ulikuwa upande wa moto? Kipi kilitoka mashariki, kipi magharibi? Sikuwa nimeuliza, wala sikuwa nimeandika. Nilichokuwa nacho ni unga mweupe usio na anwani. Mwalimu alinisikiliza nikijieleza, kisha akauliza swali moja tu: aliyelitoa blanketi hili mlangoni ni nani, na je, bado yupo? Nikamwambia yupo. Akasema basi yeye ndiye nusu ya kipimo chako, na umemwacha nyumbani.

Likizo iliyofuata nilirudi na mifuko midogo ya plastiki, kalamu ya wino usiofutika na kisanduku kigumu. Tanuru lilikuwa limezimwa kwa matengenezo. Mjomba aliniombea ruhusa kwa msimamizi, tukaingia.

Nataka niieleze asubuhi ile taratibu, maana mengine yote yamesimama juu yake. Ndani mlikuwa na vijana sita. Wawili walikuwa juu ya jukwaa la mbao wakiling'oa blanketi la mlango wa mashariki kwa mikono na ndoano ya chuma. Kila walipovuta, kipande kilikatika na wingu likatoka. Halikuwa wingu zito la chokaa linaloanguka chini mara moja. Lilikuwa jepesi, lilibaki hewani, na mwale wa jua ulioingia kwa mlango ulilikata katikati kama kisu, ukaona vijipande vidogo vikimetameta na kugeukageuka bila kutua. Mmoja wa vijana alikuwa amejifunga leso puani. Mwingine alijifunga shati lake. Wanne hawakuwa na kitu. Kiwanda hakikuwa kimewapa barakoa hata moja, na walikuwa wakiimba. Nami nilisimama pale na mifuko yangu, nikivuta hewa ileile.

Mjomba ndiye aliyenielekeza. Alikata kipande chenye ukubwa wa kiganja, akakishika kwa ukingo, akasema: "Andika. Mlango wa mashariki. Safu ya pili kutoka juu. Huu ndio uso wa moto, huu ndio uso wa baridi." Nikaandika. Akakata kingine magharibi, safu ileile. Kisha, bila mimi kuomba, akaniletea kipande cha blanketi jipya ambalo bado lilikuwa ndani ya boksi lake, akasema mtu hajui mgonjwa amepungua kiasi gani kama hakumwona akiwa mzima. Nimesoma vitabu vingi vya namna ya kuchukua sampuli. Hakuna kilichonifundisha kama ile nusu saa.

Kabla ya pamba nilitaka kuizoesha mikono yangu kwa kitu cha nyumbani, kwa hiyo nilibeba pia kipande cha tumbawe kutoka ufukweni. Wazee wetu wa pwani walichoma matumbawe kwa magogo wakapata chokaa, nayo kuta za magofu ya Tongoni zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chini ya leza tumbawe lilisema wazi: kilele kirefu 1,085, kidogo 705, na kingine 206. Hiyo ni aragoniti, namna mojawapo ya kabonati ya kalsiamu. Nikalichoma kidogo kwenye tanuru dogo la maabara, 705 ikaondoka na mahali pake pakaja 712, na chini kabisa pakaja 282: aragoniti imegeuka kalsaiti, kemikali ileile, mpangilio mwingine. Nikalichoma sana, likawa chokaa hai, ile isiyotiwa maji. Likanyamaza. Mstari ulilala kama bahari isiyo na upepo. Nilidhani mashine imeharibika. Kumbe chokaa hai ina mpangilio wa atomu uliolingana pande zote, na mpangilio wa namna hiyo hautoi kilele cha kawaida kwenye mtawanyiko huu, hata uwe na tani nzima chini ya hadubini.

Chumvi ya mezani ina mpangilio wa aina hiyohiyo. Hapo nilikaa kimya nikaweka kalamu chini. Dhana yote ya mjomba ilikuwa upepo wa bahari, na upepo wa bahari ni chumvi, na mimi nilikuwa nimesafiri kuifuata mashine ambayo kwa chumvi ni kiziwi. Kama ningeupima ule mlango nisione kitu, ningerudi Tanga kumwambia mzee kwamba amekosea. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na sijawahi kuiona methali hiyo ikitimia kama pale maabarani.

Nikarudi kwenye kemia ya kidato cha nne. Nikachukua kipande cha uso wa baridi wa mashariki, nikakiloweka kwenye maji safi, yaliyochemshwa na mvuke wake kupozwa ukawa maji tena, nikachuja. Nikaongeza tone la asidi ya nitriki kwanza, kwa sababu kabonati nayo huleta weupe ikakudanganya. Kisha matone mawili ya nitreti ya fedha, ambayo huyafanya maji yenye chumvi kuwa meupe. Maji yakawa kama tui. Nikafanya vivyo hivyo kwa kipande cha magharibi: ukungu hafifu tu. Kipande kipya: maji yakabaki maji. Mwanafunzi mwenzangu aliyekuwa akitumia mashine ya mamilioni meza ya pili alikuja kutazama vikombe vyangu vitatu, akasema huo ni mtihani wa shule. Ndiyo, na ndio ulionijibu.

Baada ya hapo nilijua nitafute nini kwa leza. Chumvi yenyewe haina sauti, lakini sodiamu yake ikiungana na salfa ya mafuta ya tanuru inapata sauti. Kwenye tabaka za kati za kipande cha mashariki nilikuta sehemu nyingi zenye kilele cha 1,017, ambacho ni salfeti ya kalsiamu isiyo na maji. Hiyo niliitarajia, chokaa iko kila mahali. Lakini katika madoa machache, karibu na upande wa baridi, kilisimama kilele cha 993. Salfeti ya sodiamu. Nililipima doa la kwanza mara nne kwa sababu sikuamini macho yangu. Hewa ya baharini ilikuwa inavutwa ndani kwa ufa wa mlango, ikiacha sodiamu yake humo njiani.

Kosa langu kubwa lilikuwa mbele bado. Uso wa moto wa mashariki ulikuwa na mabaka ya kahawia, nikayapima. Kikaja kilele kipana karibu na 1,320. Nilikuwa bado nina zile nyuzi nyeusi kichwani, na kwangu kila kilele kipana cha eneo hilo kilikuwa kaboni. Nikaandika ripoti ya kurasa tatu: masizi ya mafuta yameingia ndani ya pamba, kichomeo hakichomi vizuri, wakaguliwe wanaokihudumia. Nilikuwa karibu kuituma nyumbani. Mwalimu aliisoma mpaka mwisho, akauliza, "Ndugu yake yuko wapi?" Sikumwelewa. Akasema kaboni ya masizi haitembei peke yake: ukiiona ya 1,350 lazima umtafute wa 1,600. Halafu akauliza kwa nini mstari wangu unaanzia 1,000. Nilikuwa nimeukata ili kuokoa muda. Nikapima upya kuanzia 100, na pale chini vikasimama vilele vitatu nadhifu, 225, 292 na 410. Hematiti. Kutu. Ndoano za chuma zinazolishikilia blanketi zilikuwa zinaliwa na hewa, na kutu yake inafyonzwa na pamba. Ripoti yangu ingewafukuzisha kazi watu wa kichomeo kwa kosa la ndoano. Bado ninayo, na pembeni nimeandika kwa wino mwekundu: umesikiliza nusu ya wimbo.

Sasa uzi wenyewe. Nilikata kila kipande kuanzia uso wa moto hadi uso wa baridi, nikapima hatua kwa hatua. Blanketi jipya lilitoa vilima viwili vitatu vipana, visivyo na ncha. Ndiyo sura ya kioo. Uso wa baridi wa magharibi vilevile. Kadiri nilivyosogea kuelekea moto, vilima vikaanza kupata ncha, na kwenye uso wa moto wa mashariki vikasimama viwili vyembamba kama sindano: 230 na 416.

Nilizijua namba hizo kabla sijafungua kitabu. Kristobaliti.

Zaidi kidogo ya digrii 900, atomu za pamba hii hupata nafasi ya kujipanga. Kwanza hutengenezwa fuwele za mulaiti, zenye alumina nyingi. Silika inayobaki, joto likizidi na muda ukipita, nayo hujipanga ikawa kristobaliti. Sodiamu na chokaa huharakisha mambo: zinakilainisha kile kioo, atomu zinatembea kwa wepesi, na mahali pengine chokaa inaula uzi wenyewe na kuacha madini mapya. Niliona alama yake, kilele kati ya 500 na 510, cha anothiti, iliyotokana na kalsiamu, alumina na silika. Kisha tanuru likizimwa, kristobaliti inapopoa na kushuka kati ya digrii 300 na 200 hubadili umbo ghafla na kusinyaa, na uzi unapasuka. Ndiyo sababu ya lile ganda la yai. Mjomba alikuwa sahihi kwamba moto haukuwa peke yake, na alikuwa sahihi kuhusu mlango.

Lakini sikufurahi, kwa sababu niliwakumbuka wale vijana sita. Blanketi jipya linawasha ngozi, nalo ni la kutahadhari. La zamani ni kitu kingine. Silika ya fuwele, iwe kwatzi au kristobaliti, ikivutwa kwa miaka huchana mapafu na kuyaachia makovu yasiyopona, na mwenye makovu hayo hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Mwaka 1997 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliiweka katika kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana kuleta saratani kwa binadamu. Mbaya zaidi, kiwandani kwetu hofu ilikuwa imekaa upande usiofaa. Wanaotandika blanketi jipya ndio waliokuwa wakiambiwa wavae glovu, kwa kuwa linawasha. Wanaong'oa la zamani hawakuambiwa lolote, maana haliwashi.

Lazima niseme pia mpaka wa kipimo changu. Leza inasema kristobaliti ipo kwenye doa hili. Haisemi ni sehemu gani ya blanketi zima, na doa la mikroni moja si mlango. Nilipeleka unga wa kipande kilekile kwenye mashine ya miale ya eksi, inayosoma sampuli kwa jumla, nayo ikaikubali habari: mulaiti na kristobaliti upande wa moto, kioo upande wa baridi. Hapo ndipo nilipothubutu kuandika barua kiwandani.

Niliandika kurasa mbili, kwa Kiswahili, bila fomula. Majibu yalichelewa. Mtu mmoja wa ofisini aliniambia kwa simu kwamba vijana hao ni vibarua wa msimu, si waajiriwa. Nilimuuliza kama mapafu yao nayo ni ya msimu. Sikulisema neno hilo kwa kejeli, nililisema nikitetemeka, na silijutii.

Niliporudi Tanga nilikwenda moja kwa moja Ngamiani. Mjomba alikuwa amestaafu miezi minne. Shangazi alileta chai na mkate wa ajemi, nami nikatandaza michoro mkekani: mpya, magharibi, mashariki. Nikamweleza habari ya udi na nyuzi zake. Aliweka kidole juu ya zile sindano mbili za mashariki, akakiacha hapo muda mrefu.

"Kwa hiyo chumvi," akasema.

"Chumvi imesaidia, mjomba. Na chokaa. Na ufa wa mlango. Ulisema kweli."

Hakutabasamu. Akauliza, "Na hii iliyochongoka, ndiyo inayoingia kifuani?"

Nikasema ndiyo.

"Na sisi ambao tumeshaivuta?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya kila namna isipokuwa hilo. Nilimwambia ukweli: makovu hayafutiki, lakini yanaweza kujulikana mapema, apigwe picha ya kifua, apime kifua kikuu, aache sigara leo hii, na amweleze daktari kwa kinywa chake kwamba alifanya kazi tanuruni, akang'oa pamba ya zamani kwa miaka, kwa sababu daktari asipoambiwa kazi ya mtu ataona kikohozi tu. Shangazi alikusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai.

Picha ya mjomba ilionyesha madoa madogo upande wa juu, pande zote mbili. Daktari alisema yafuatiliwe kila mwaka. Kifua kikuu hakikuonekana. Anapanda ngazi polepole sasa, na ile baiskeli anaitumia mjukuu wake.

Matengenezo yaliyofuata ya tanuru, msimamizi mpya alimwita mjomba aje kama mzee wa kushauriana naye. Nami nilikwenda. Blanketi lilinyunyizwa maji kwa bomba la bustani mpaka likalowa kabla halijaguswa, likakatwa kwa kisu badala ya kuvutwa kwa ndoano, likatiwa kwenye mifuko miwiliwili ya plastiki nzito. Mlango wa mashariki uliwekewa kizuizi cha upepo na ufa ukazibwa, na ndoano zikabadilishwa. Barakoa zililetwa katoni moja, zile zenye kichujio cha vumbi dogo na zinazobana uso, na mjomba alikaa kwenye benchi la geti akimvalisha kila kijana, akipitisha kidole ukingoni kuona kama hewa inatoka, akimrudisha mwenye ndevu akanyoe kwanza. Mmoja alilalamika kwamba haiwezekani kuimba nayo. Mjomba akamwambia ataimba akitoka.

Kisha akanikabidhi kipande kilicholowa, ndani ya mfuko, akasubiri nitoe kalamu.

"Andika," akasema. "Mashariki. Safu ya pili. Uso wa moto ni huu."